Chaza wa Kijani wa Ras Kitau

Jumanne ya bamvua, maji yakiwa yamekupwa hadi chini ya jabali la tatu, Bi Radhiya alibandua chaza kumi na wanne kwa tindo na nyundo, akawatia kapuni, akarudi nyumbani kabla jua halijawa kali. Ulikuwa mwaka wa tatu tangu bendera ya uhuru ipandishwe. Wanawake wa Mkomani, mtaa wa Lamu ng'ambo ya mkondo, hawashuki pwani kubandua chaza. Wao huletewa mlangoni, kisha wakalalamika kuwa ni wadogo. Bi Radhiya alikuwa mzaliwa wa Kiwayu, na huko mwanamke asiyejua kushika tindo huulizwa na mama mkwe kalelewa na nani. Alikuwa ameolewa Ras Kitau miaka ishirini na mitatu, na miaka yote hiyo jabali lile lilikuwa lake. Halikuandikwa popote, lakini hakuna aliyeligusa bila kumwomba.

Katika chaza wale kumi na wanne, tisa walikuwa wa kijani.

Hilo halikuwa jambo geni. Ukijani ulikuwa umeanza miaka miwili nyuma, kwanza kwenye kingo za nyama, pale penye mikunjomikunjo, kisha ukaingia ndani. Ulikuwa kijani kile kile cha kitambaa kinachofunika kaburi la sharifu. Wanawake wa Ras Kitau walikaa barazani wakalizungumza, wakakubaliana kuwa ni kheri, maana kijani ni rangi ya nguo za peponi na bahari haiwezi kuivaa bure. Tangu siku hiyo chaza wa kijani hawakuuzwa. Waliwekwa kando kwa ajili ya watu wenye haja ya baraka: anayesafiri kwenda kuhiji, anayetoka kwenye homa, na kabla ya hao wote, mwenye mimba.

Mwenye mimba alikuwa Ummu, binti wa pekee wa Bi Radhiya. Alikuwa amerudi kwa mama yake kutoka Pate, kama ilivyo desturi kwa mimba ya kwanza, na sasa alikuwa katika mwezi wa saba. Kila Jumanne na kila Ijumaa alikula chaza wa kijani waliopikwa kwa nazi na kukamuliwa ndimu. Alikuwa akiwala tangu mwezi wa pili, kwani hata alipokuwa Pate mama yake alimpelekea kwa mashua, wamefungwa kwenye majani ya mgomba.

"Mama, wana ladha ya senti," alisema Ummu Jumanne ile, akilamba kidole.

"Ndiyo baraka iyo, mwanangu. Kula, usinitolee mato."

Chaza wa tisa wa kijani alikataa kufunguka. Bi Radhiya alijaribu kisu, akajaribu ncha ya tindo, kisha akamwacha. Hakuwa mtu wa kugombana na chakula. Alimtia kwenye karai la bati lenye maji ya bahari, akaliweka uwanjani penye kivuli, akaenda kuswali adhuhuri.

Jumatano asubuhi chaza alikuwa amelijaza karai. Alhamisi karai lilipasuka ubavuni, na Bi Radhiya akasikitika, kwa sababu lilikuwa karai zuri. Alimviringisha chaza hadi kwenye birika la zamani la mawe lililokuwa halitumiki, akalijaza maji kwa ndoo arobaini, akisaidiwa na jirani wawili ambao waliuliza tu kama maji yawe ya chumvi. Ijumaa, watu walipokuwa wakitoka msikitini, chaza alikuwa na urefu wa mlango. Alipanua gamba lake taratibu, likatoa sauti ya sanduku kuukuu, na akabaki hivyo, wazi.

Nyama yake ilikuwa pana kama godoro, na ilikuwa angavu. Mtu aliyesimama kwenye ukingo wa birika aliweza kuona ndani yake hadi chini. Akitulia kidogo aliona kuwa ile haikuwa nyama moja. Ilikuwa imeundwa kwa vijumba, maelfu kwa maelfu, kila kimoja sawa na kikombe cha kahawa, vimebanana bila kuacha hata upenyo wa sindano. Katika kila kijumba palikuwa na kokwa moja nyeusinyeusi, na kuizunguka ile kokwa kulikuwa na shughuli isiyokoma: vitu vikibebwa, vikikunjwa, vikimeng'enywa, vikipitishwa ukutani kwenda kwa jirani. Kwenye matamvua anayopumulia, vijumba vilikuwa na nywele fupi zilizokuwa zikipiga maji kwa zamu, safu baada ya safu, na hakuna safu iliyowahi wala iliyochelewa. Bi Radhiya alisimama pale mpaka chai ikamwagika jikoni. Alikuwa amefungua chaza maisha yake yote, pengine laki moja, na kila mmoja alikuwa na haya yote ndani yake alipokuwa akimkamulia ndimu. Aliona haya. Kisha haya zikamtoka, akabaki na furaha kubwa asiyojua aiweke wapi, akaenda kumwita Ummu.

Watu walikuja alasiri. Walivua viatu bila kuambiwa, wakakaa kwenye mikeka, wakaongea kwa sauti ya chini. Mtu alileta kahawa na kashata. Mzee mmoja alitazama nusu saa, akasema, "Subhanallah, yote hayo na hana hata kichwa," akaomba aongezewe kahawa.

Bwana Wafula alifika Jumamosi. Alikuwa afisa wa samaki, kijana kutoka bara, kutoka upande wa mbali kabisa ambako bahari hujulikana kwa kusomwa. Alikuja na daftari na futi ya kupimia. Alipima gamba, akaandika futi tisa na inchi mbili, kisha akainama juu ya birika.

"Hizi ni seli, Bi Radhiya," alisema.

"Sisi twawaona ni watu wa kazi."

"Kwa Kizungu na kwa Kiswahili cha shule ni seli. Kila kilicho hai kimejengwa nazo. Mimi nilikaa miaka miwili chuoni nimefumba jicho moja juu ya hadubini ili nizione, na bado zilikuwa ndogo kuliko hizi." Alitikisa kichwa kama mtu aliyeuziwa kitu ghali kisha akakikuta kinagawiwa mtaani. Lakini hakuondoka. Alivua viatu naye.

Ni yeye aliyewaonyesha wale wengine. Mbali na zile seli zilizobanana kama nyumba, zilikuwapo nyingine zisizo na makao, zisizo na umbo la kudumu, zikizurura katika damu ya chaza. Damu yenyewe ilikuwa kama maji ya dafu. Zile seli zilitembea kwa kunyoosha sehemu ya miili yao mbele na kujivuta kuifuata. Popote palipokuwa na punje ya kijani, moja ilikwenda, ikaizunguka pande zote, ikaimeza. Haikuitema. Iliitia kwenye kifuko kidogo ndani yake, ikakifunga kile kifuko, ikaendelea na safari kutafuta punje nyingine.

"Hawa ni wachukuzi," alisema Bi Radhiya.

"Ni wachukuzi, ndiyo. Ile punje ni sumu. Wanaimeza wao ili isiziguse zile zilizo kwenye nyumba."

"Na waipeleka wapi?"

"Hawana pa kuipeleka. Wanakaa nayo."

Bi Radhiya alitazama. Mchukuzi mmoja karibu na ukingo alikuwa na vifuko vilivyojaa mpaka mwili wake ulikuwa kijani kitupu. Alikuwa bado anajivuta. Alinyoosha mkono kuelekea punje nyingine, akaifikia, na hakuwa na nafasi ya kuitia. Alisimama. Baada ya muda kuta zake zililegea, na punje zake zote zikamwagika, na wachukuzi wengine watatu wakaja mbio wakaanza kuziokota.

"Akijaa hufa," alisema Bi Radhiya.

"Ndiyo. Na chaza anatengeneza wengine. Mpaka achoke."

Ukijani wote waliokuwa wakiuita baraka ulikuwa ni hao wachukuzi waliojaa sumu. Bi Radhiya alielewa hivyo palepale alipoketi. Alimtazama Ummu, aliyekuwa upande wa pili wa birika, mikono juu ya tumbo, akifuatilia nywele za matamvua kwa macho ya mtu anayesikiliza ngoma ya mbali. Alihesabu Jumanne na Ijumaa tangu mwezi wa pili.

Mumewe Bi Radhiya alirudi saa kumi na moja. Abdulhalim alikuwa fundi wa vyombo, mtu wa maneno machache, na siku hizo mikono yake ilikuwa myekundu hadi kwenye viwiko. Baba yake na babu yake walipaka matumbo ya mashua kwa deheni, yaani chokaa iliyopondwa na shahamu, wakairudia kila baada ya miezi michache, kwa sababu magamba ya baharini huganda kwenye ubao na funza hutoboa. Kisha ilikuja kampuni moja na motaboti zake, na mikebe ya rangi nyekundu yenye shaba ndani. Mkebe mmoja ulifanya kazi ya mwaka mzima. Hakuna kilichoganda, hakuna kilichotoboa. Abdulhalim aliipenda rangi ile kama mtu anavyompenda mkwe mwenye adabu. Kila bamvua alipandisha chombo kwenye mchanga mgumu uliokuwa katikati ya majabali, pale ambapo chombo husimama wima chenyewe, akakwaruza rangi ya zamani, akapaka mpya, na maji yaliporudi yakaosha mavumbi yote. Pale pale, hatua thelathini kutoka kwenye tindo la mkewe.

Alipiga magoti kwenye ukingo wa birika. Alitazama punje. Alikuwa amepigilia misumari ya shaba tangu utotoni, na alijua shaba ikikaa baharini inageuka rangi gani.

"Hini ni rangi yangu," alisema.

Bi Radhiya alimletea maji ya kunawa, ingawa wote wawili walijua ile haitoki kwa maji.

"Nataka zombo zitoke pale kabula Ummu hayazaa," alisema Bi Radhiya.

"Miezi miwili."

"Miezi miwili, Bwana. Sikuombi kitu kingine."

Tangu siku hiyo Ummu hakula chaza tena. Alipewa samaki, maziwa, na mtama, na alikula vyote bila ubishi. Wanawake wengine waliambiwa. Walikuja, wakaona, wakasikitika sana, na mmoja wao akauliza kama basi wale chaza wa karamu ya maulidi, kwa kuwa walikwisha ahidiwa wageni, wangeweza kubanduliwa mara moja tu. Walibanduliwa.

Abdulhalim hakuwa mtu wa kupuuza neno la mkewe. Bamvua iliyofuata aliipeleka motaboti ya kwanza upande wa pili wa rasi, mbali na jabali, akaipandisha kwenye mchanga wa huko. Mchanga ulikuwa laini. Maji yalipokupwa motaboti iliinama, ikafikiri kidogo, ikalala ubavu na kuvunjika mbao tatu. Aliitengeneza kwa siku nane. Wenye motaboti walimwambia kwa upole kwamba mafundi wako wengi Lamu. Bamvua ya pili aliirudisha katikati ya majabali, na jioni hiyo alikula chakula chake akiwa amewapa watu mgongo.

Bwana Wafula aliandika barua. Aliiandika mara nne, kwa sababu alitaka iwe sahihi. Alieleza rangi, shaba, wachukuzi, vifuko, na jinsi wanavyopasuka. Aliambatanisha mchoro alioutia kijani kwa penseli ya shule. Aliomba jambo moja tu: sehemu ya kukwaruzia vyombo ihamishwe, na huko iendako ichimbwe sakafu ngumu. Kwa uaminifu aliandika pia urefu wa chaza, futi tisa na inchi mbili. Barua ilikwenda Mombasa kwa meli ya Alhamisi.

Wakati huo wachukuzi waliendelea. Kila alasiri Ummu alikaa kwenye ukingo wa birika, tumbo likizidi kuwa kubwa. Alikuwa amewazoea. Aliweza kumtambua mmoja kwa jinsi alivyokuwa akinyoosha upande wa kushoto kwanza.

"Hawana habari kama watazamwa," alimwambia mama yake siku moja. "Wala hawamjui chaza. Wao wajua punje tu."

"Wachoka?"

"Hawachoki. Wajaa."

Bi Radhiya alimwekea mkono begani, na walikaa hivyo mpaka adhana. Ilikuwa vigumu kutazama mahali pengine. Katika nyumba nzima, na pengine katika kisiwa kizima, hakukuwa na kitu kilichofanywa vizuri namna ile, na hakuna aliyekuwa amekiamuru.

Jibu lilifika baada ya wiki tano, likiwa na mihuri miwili. Bwana Wafula alilisoma uwanjani kwa sauti, kwa kuwa aliona wana haki ya kulisikia. Ofisi ya Mombasa ilimshukuru kwa taarifa yake. Ilikuwa imeona kwamba chaza wa kawaida wa sehemu hizo hufikia inchi nne. Chaza wa futi tisa na inchi mbili alikuwa ushahidi tosha kwamba maji ya Ras Kitau yanawafaa viumbe kuliko maji mengine yoyote ya mkoa. Kwa hiyo hakukuwa na sababu ya kuhamisha chochote. Ofisi ilipendekeza rangi hiyo itumike pia kwenye mashua za wavuvi, na kwa ajili hiyo ilikuwa imeleta mikebe ishirini, ambayo ilikuwa gatini ikisubiri kuchukuliwa.

Bwana Wafula aliikunja barua. "Heri nisingeandika ule urefu," alisema.

"Urefu ni wa kweli," alijibu Bi Radhiya. "Mnywe kahawa."

Abdulhalim alikwenda gatini kuchukua mikebe.

Siku zile za mwisho wachukuzi walikuwa wachache, na wote walikuwa wa kijani. Safu za nywele kwenye matamvua zilianza kukosa zamu, moja ikitangulia, nyingine ikisahau. Vijumba vilizimika kimoja kimoja kuanzia kingoni, kokwa ikinywea, kuta zikiingiliana. Mchukuzi wa mwisho ambaye Ummu aliweza kumwona alikuwa karibu na moyo. Alikuwa amejaa. Mbele yake kulikuwa na punje moja. Aliinyooshea sehemu ya mwili wake, akaizunguka, na hakuimeza. Aliikumbatia tu kwa nje ili isiguse ukuta, akabaki hivyo. Ummu alikaa naye hadi magharibi. Alipoinuka, chupa ya uzazi ilikuwa imepasuka.

Mtoto alizaliwa alfajiri, msichana, mzima, mwenye sauti. Abdulhalim alimwadhinia sikioni akiwa ameinama, ameishika shuka kwa ncha za vidole, asimpake rangi. Chaza alikuwa amekufa usiku huo huo. Walimtoa birikani, wakaizika nyama yake chini ya mkomamanga, na nusu moja ya gamba wakaibakiza uwanjani, kwa sababu kwa ndani ilikuwa laini na yenye kung'aa kuliko kitu chochote walichokuwa nacho, na kwa sababu karai lilikuwa limepasuka. Ndani yake walimwogesha mtoto.

Siku ya saba wanawake walikuja na udi na halua, kwa ajili ya kunyolewa nywele na kupewa jina. Wanaume walikuwa bado hawajafika. Ilikuwa siku ya bamvua, na kutoka pwani ulisikika mkwaruzo wa vyombo viwili kwa pamoja, motaboti na mashua ya mvuvi, kwaru, kwaru, bila haraka. Bi Radhiya alimweka mjukuu wake ndani ya gamba, akammwagia maji ya vuguvugu, akaushika mkono wake ili aoshe katikati ya vidole.

Kucha za mtoto mchanga ni nyembamba, na mwanga wa asubuhi ulizipita. Bi Radhiya aliinamisha uso. Chini ya ukucha wa kidole cha shahada, katika uwekundu wake, palikuwa na punje moja ya kijani. Mchukuzi mmoja alikuwa akiiendea, akijivuta, akinyoosha upande wa kushoto kwanza. Aliifikia. Aliizunguka pande zote, akaimeza, akaitia kwenye kifuko, akakifunga.

Bi Radhiya aliubusu ule ukucha. Mtoto alikuwa hajapewa jina, na tayari wachukuzi wake walikuwa kazini.